Selimundu: ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa baba na mama

Selimundu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Nchini Burundi hujulikana zaidi kwa jina lililotoka katika Kifaransa, drepanositozi. Hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja, na hautokani na uchawi.

Chanzo
Kila mtu hurithi vinasaba vya himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kutoka kwa baba na kwa mama. Aliyerithi hitilafu kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji: kwa kawaida haugui, na huenda asijue kamwe. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, asilimia 50 wa kuwa mbebaji, na asilimia 25 wa kutorithi hitilafu hiyo. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama peke yake, seuze kumpa talaka.

Malaria na mwambao wa ziwa
Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mbebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea zaidi katika maeneo ya joto yenye mbu kuliko katika nyanda za juu zenye baridi. Mwambao wa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ni eneo la namna hiyo. Lakini mgonjwa mwenyewe hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari kubwa.

Dalili
Aghalabu dalili huanza mtoto akikaribia miezi 6. Chembe nyekundu hujipinda mithili ya mundu, huziba mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Mtoto huvimba mikono na miguu, macho huwa ya manjano, damu hupungua, na mifupa huuma sana. Kwa kuwa homa hudhaniwa kuwa malaria tu, wengi huchelewa kupimwa. Homa kali, kupumua kwa shida au kupooza upande mmoja wa mwili ni ishara za kukimbilia hospitali mara moja.

Matunzo
Mgonjwa anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, na ajiepushe na baridi na kazi za kuchosha, kama vile kuvua ndagala usiku. Watoto wadogo hupewa penisilini kila siku hadi angalau miaka 5. Dawa ya haidroksiyurea, kwa usimamizi wa daktari, hupunguza vipindi vya maumivu.

Wachumba wanaweza kupima damu kabla ya ndoa. Kipimo hicho hakiwakatazi kuoana. Huwawezesha kujua mapema, ili mtoto akizaliwa apimwe na kutunzwa tangu siku za mwanzo.