AS Maniema Union katika msimu wa 2024–2025

AS Maniema Union, kwa kirefu Association Sportive Maniema Union, ni klabu ya mpira wa miguu ya Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilianzishwa mwaka 2005. Uwanja wake wa mjini ni Stade Joseph Kabila Kabange. Makala hii inahusu msimu wa 2024–2025, ambapo klabu iliingia kwa mara ya kwanza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikamaliza mkiani mwa Kundi B bila kushinda mechi hata moja, na mashabiki wake wa Kindu hawakuona hata dakika moja ya hatua hiyo ikichezwa mjini kwao.

Majedwali ya mashindano yameuandika msimu huo katika mstari mmoja: mechi sita, sare tatu, vipigo vitatu, pointi tatu. Mstari huo ni wa kweli, lakini anayeusoma peke yake ataihukumu klabu vibaya. Ili kujua pointi hizo zilipatikana kwa gharama gani, inabidi kwanza kuujua mji zilikotoka.

Mji

Kindu iko ukingoni mwa mto Lualaba, na upande wa pili wa mto ni Alunga. Hakuna daraja baina yao. Watu, baiskeli, pikipiki na magunia huvuka kwa kivuko au kwa mitumbwi. Kuelekea kaskazini, vyombo hupita mtoni hadi Ubundu. Kuelekea kusini maporomoko huziba njia, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo mwanzoni mwa karne ya 20. Reli hiyo ingalipo na huunganika na ile ya Lubumbashi, ila safari yake huhesabiwa kwa siku, na mara nyingine kwa majuma. Jimbo lenyewe, lililotengwa na Kivu mwaka 1988, lina eneo linalozidi kilomita za mraba 130,000, kubwa kuliko nchi ya Malawi, na barabara za lami ni chache mno. Timu inayotaka kutoka Kindu kwenda kucheza na kurudi kwa wakati haina njia ila ndege.

Kwa mstari wa ndege, Kinshasa iko yapata kilomita 1,200 magharibi mwa Kindu. Nairobi iko umbali ulio karibu sawa na huo upande wa mashariki. Watu wa Kindu huzungumza Kiswahili, kilichofika Maniema katika karne ya 19 na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyotoka Zanzibar na pwani, ikaweka vituo Nyangwe na Kasongo. Kinshasa huzungumza Kilingala na ina klabu zake, AS Vita Club na Daring Club Motema Pembe, zenye mashabiki wa vizazi na vizazi. Huko ndiko Maniema Union ilikopelekwa kuwa "mwenyeji".

Kabla ya 2024

Klabu iliyozaliwa mwaka 2005 ni changa sana kwa kipimo cha Kongo. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na ilikwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara mbili, 1967 na 1968, kabla ya wazazi wa wachezaji wengi wa leo kuzaliwa. Maniema Union ilikua ndani ya Linafoot, ligi kuu ya nchi, katika miaka ambayo ligi yenyewe ilikuwa ikiyumba. Msimu wa 2019–2020 ulikatizwa na korona. Msimu wa 2022–2023 ulivunjwa katikati, nchi ikakosa bingwa. Mwaka huohuo wa 2023 FIFA iliuondoa uongozi wa shirikisho la soka la Kongo, FECOFA, na kuweka kamati ya mpito.

Kujenga timu katika ligi inayoweza kusimama wakati wowote ni kazi ngumu kuliko inavyosemwa. Kocha hupanga mazoezi ya mechi isiyojulikana itachezwa lini. Mchezaji wa mkopo hurudi kwao kabla ya kutumika. Klabu nyingi za Kongo huishi kwa mfuko wa mfadhili, aghalabu mwanasiasa, mfanyabiashara au serikali ya jimbo, na mfuko huo hauongezeki kwa sababu ratiba imerefuka.

Soko la jirani nalo linavuta. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Klabu ya Kongo haina mapato ya namna hiyo ya kumzuia kijana anayeitwa Dar es Salaam. Julai 2023 Maxi Nzengeli aliondoka Maniema Union akajiunga na Young Africans, yaani Yanga. Tarehe 5 Novemba mwaka huo alifunga mabao mawili Yanga ilipoifunga Simba 5–1, na tangu siku ile jina lake linatajwa kila kijiwe cha Tanzania. Wengi wanaolitaja hawajui kwamba alitokea Kindu, na mwandishi wa makala hii anaona hilo ni deni ambalo soka la Afrika Mashariki bado halijailipa klabu iliyompa jukwaa.

Pamoja na kuondokewa na mchezaji wa aina hiyo, Maniema Union ilifanya vizuri katika Linafoot ya 2023–2024 hata ikaungana na bingwa, TP Mazembe, kuiwakilisha nchi katika Ligi ya Mabingwa. Ikavuka hatua za awali, ikaingia makundi.

Kundi B

Droo haikuwa na huruma. Kundi lilikuwa na Raja ya Casablanca, bingwa wa Afrika wa 1989, 1997 na 1999, ambayo ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Moroko bila kufungwa hata mchezo mmoja. Lilikuwa na AS FAR ya Rabat, klabu ya jeshi, ya kwanza ya Moroko kuchukua ubingwa wa Afrika. Mwaka 1985 iliupata kwa kuifunga AS Bilima ya Kinshasa katika fainali. Na lilikuwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, bingwa wa 2016, klabu yenye uwezo wa kifedha ambao wengi barani hawaukaribii. Mataji matano ya Afrika yaliwekwa upande mmoja, na upande wa pili klabu ya miaka 19 kutoka mji usio na daraja.

Mechi ya kwanza ilichezwa Novemba 26, 2024, Pretoria, katika uwanja wa Loftus Versfeld. Uwanja huo umejengwa kwa ajili ya raga na uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kindu iko kama mita 500 tu, katika joto zito la bonde la mto. Sundowns ni timu inayokaa na mpira, inaupitisha kwa pasi fupi hadi mpinzani achoke kukimbia nyuma yake. Mgeni anayetaka kuizibia njia hana budi kusogea kwa pamoja, mstari wa mabeki na mstari wa viungo wasiachane, na asivutwe na pasi inayochezwa mbele ya macho yake kwa makusudi ya kumvuta. Maniema Union iliifanya kazi hiyo kwa dakika zote 90. Matokeo yakawa 0–0. Katika Kundi B zima, hii ndiyo pointi ambayo watabiri wachache mno wangethubutu kuiandika.

Mechi mbili zilizofuata nazo zilikwisha kwa sare, dhidi ya timu mbili za Moroko. Baada ya nusu ya ratiba klabu ilikuwa haijafungwa, na matumaini ya robo fainali hayakuwa ndoto ya mashabiki peke yao. Kisha mambo yakageuka. AS FAR ikashinda marudiano. Baadaye Januari 2025 Sundowns ikashinda 2–1 Kinshasa, na mlango ukafungwa. Raja ikamalizia Casablanca. Mwishoni AS FAR iliongoza kwa pointi 10, Sundowns ikapata 9, Raja 8 ikatoka, Maniema Union 3. Ukiangalia hesabu hizo kwa makini utaona kwamba sare ya Maniema Union na Raja ndiyo iliyoinyima Raja pointi mbili, na Raja ilikosa robo fainali kwa pointi moja.

Nyumbani pasipo nyumbani

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hukagua viwanja kabla ya kuruhusu mechi za kimataifa: nyasi, taa, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha daktari, sehemu ya waandishi, hoteli na hospitali zilizo karibu, uwanja wa ndege. Viwanja vilivyozoea kubeba mechi hizo nchini Kongo ni Stade des Martyrs wa Kinshasa, wa watu wapatao 80,000, na uwanja wa TP Mazembe ulioko Kamalondo, Lubumbashi, wa watu 18,500. Kindu haikuwa na uwanja uliokidhi masharti, na Maniema Union ikapokea wageni wake Stade des Martyrs.

Masharti hayo yana sababu zake. Watu wamekufa katika viwanja vibovu vya Afrika, na hakuna anayepaswa kudai usalama ulegezwe. Lakini uzito wa masharti hauangukii wote sawasawa. Klabu ya Casablanca au Pretoria husafiri mara tatu katika hatua ya makundi. Maniema Union ilisafiri mara sita, kwa maana hata "nyumbani" kulikuwa safari ya ndege, hoteli na chakula cha kununua. Mapato ya mlangoni yalitegemea watu wa Kinshasa waje kuishangilia klabu ya mbali. Na faida ile ambayo timu ndogo huitegemea kuliko zote, yaani joto la kwao, nyasi wanazozijua, na kelele za mama, kaka na jirani, haikuwepo.

Klabu iliyomaliza ya nne katika kundi ililipwa na CAF dola 700,000 za Marekani. Kwa Kindu ni fedha nyingi. Hata hivyo ndizo zinazotakiwa kulipa ndege za msimu mzima, mishahara, posho na usajili wa kuziba mapengo ya wanaoondoka, na zikibaki, kujenga uwanja ambao ungeirudisha timu nyumbani. Haziwezi kufanya yote hayo.

Vita na ligi

Mechi ya mwisho ya kundi ilichezwa Januari 19, 2025. Siku nane baadaye, Januari 27, waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaichukua Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Maniema inapakana na Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na Kindu ilizoea kupata bidhaa nyingi kutoka miji hiyo miwili. Soka la mashariki lilipigwa pamoja na kila kitu kingine: Goma ni nyumbani kwa AS Dauphin Noir na DC Virunga, Bukavu kwa OC Muungano na Bukavu Dawa, wapinzani wa jadi wa Maniema Union katika kanda ya mashariki. Mashabiki wao walikuwa wakitafuta ndugu na maji, si matokeo. Linafoot iliendelea kwa kusuasua na kwa malalamiko mengi, na bingwa akawa FC Les Aigles du Congo ya Kinshasa, kwa mara ya kwanza.

Baada ya msimu

Maniema Union haikuporomoka, na katika mazingira hayo kutoporomoka ni mafanikio. Katika msimu wa 2025–2026 iliingia hatua ya makundi kwa mwaka wa pili mfululizo, safari hii ya Kombe la Shirikisho, katika kundi moja na Wydad ya Casablanca, Azam FC ya Dar es Salaam na Nairobi United ya Kenya, ambayo ilikuwa imeitoa Étoile du Sahel ya Tunisia. Timu tatu kati ya nne zilitoka katika nchi ambako mtangazaji wa redio anaweza kuutangaza mchezo kwa Kiswahili na akaeleweka. Novemba 2025 klabu ya Kindu iliifunga Azam 2–0. Kocha wa Azam alikuwa Mkongomani, Florent Ibenge, aliyewahi kuifundisha AS Vita Club na kuipeleka timu ya taifa ya Kongo nafasi ya tatu ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015. Mchezo huo pia ulichezwa Kinshasa.