Kura Yako Chuoni Ilienda Wapi?

Wasee, kabla hamjawacheka wale jamaa wanaogombea uongozi wa wanafunzi, sikieni hii historia.

Mwaka 1982, Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi. Akafia jela 1988. Mwaka 1987 akaja Wafula Buke. Hata hakukaa kwa kiti: Novemba akakamatwa, SONU ikapigwa marufuku, naye akafungwa miaka 5 eti ni jasusi wa Libya.

Serikali yenye jeshi iliogopa nini kwa kijana wa chuo? Kura. Wanafunzi walimchagua wenyewe, kwa hivyo akiongea, umati uko nyuma yake.

Sasa ona 2016. Mwezi wa nne, uchaguzi wa SONU uliishia kwa vurugu na chuo kikafungwa. Mwaka huohuo, Bunge likabadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu. Siku hizi wewe huchagui mwenyekiti. Idara au kitivo chako kinachagua wajumbe 3, halafu wajumbe ndio wanachagua viongozi. Hakuna aliyefungwa, na kelele imepungua.

Mambo mazuri yapo, siyakatai. Kiongozi hapiti mihula miwili ya mwaka mmoja mmoja, na mwenyekiti na naibu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja. Hata mtoto wa Kipokomo au Kiorma, ambaye kabila lake ni wachache chuoni, anaweza kuwa mjumbe kwa sababu wanadarasa wanamjua.

Lakini wajumbe wachache ni rahisi kuwanunua kuliko chuo kizima.

Mimi niliacha chuo, ila wadogo zangu wa Garsen bado wako huko. Mto Tana ukifurika na barabara ikikatika, mtu anakosa mtihani, na nyumbani shamba la karo limezama. Hapo anahitaji kiongozi anayemwogopa yeye mpiga kura, si anayemwogopa msimamizi wa chuo.

Maoni yangu: mihula miwili ibaki, kura irudi kwa wanafunzi. Kwa sasa, wale wajumbe wenu 3, unawajua majina?