Linux imekataa kukuingiza baada ya kubadili vifaa? Usiifute kompyuta kwanza

Mashine kuukuu haitupwi huku kwetu. Huongezwa RAM, ikatiwa diski ya SSD au kadi ya picha iliyotolewa kwenye mashine nyingine, ikaendelea na kazi. Kisha unaandika nenosiri, kioo kinakuwa cheusi kidogo, na unarudishwa palepale ulipoanzia.

Fundi mwenye haraka atakwambia: futa yote, weka Linux upya. Mahali kama Dagahaley ushauri huo ni ghali. Hii ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, iliyofunguliwa mwaka 1992. Kutoka Dadaab hadi Garissa mjini ni kama kilomita 100, na kupakua mfumo mzima kunakula bando. Kompyuta moja ikitumiwa na wanafunzi kadhaa, ukiifuta kazi za wote zimekwenda na maji. Hola, Witu na Faza hali ni hiyohiyo. Na mara nyingi kosa lenyewe ni dogo.

Fuata mpango huu, ndugu msomaji.

1. Sikiliza mashine inasema nini. Ikisema nenosiri si sahihi, tazama kibodi: huenda Caps Lock imewashwa, au mpangilio wa herufi umebadilika. Andika nenosiri mahali herufi zinapoonekana, uhakikishe. Lakini ikilikubali kisha ikakurudisha nje, nenosiri halina kosa, endelea.

2. Ingia kwa mlango wa nyuma. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Utapata ukurasa wa maandishi matupu. Andika jina lako la mtumiaji na nenosiri. Ukiingia, faraja: akaunti ni nzima, kilichokwama ni upande wa picha au folda yako.

3. Pima nafasi. Andika `df -h`. Diski iliyojaa asilimia 100 huzuia kuingia, kwa kuwa mfumo haupati pa kuandika faili zake ndogo. Hamisha faili kubwa, ujaribu tena.

4. Diski mpya, namba mpya. Kila sehemu ya diski ina namba yake ya UUID. Linganisha `lsblk -f` na `cat /etc/fstab`. Ikiwa fstab bado inataja namba ya diski iliyotolewa, mashine inatafuta nyumba iliyohamwa. Weka nakala kwanza kwa `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`, kisha rekebisha kwa `sudo nano /etc/fstab`.

5. Nani mwenye folda? Aliyenakili faili kwenda diski mpya kwa `sudo cp -r` huziacha zikiwa mali ya root, na wewe unakuwa mgeni kwako mwenyewe. Angalia kwa `ls -la ~`. Ukiona root badala ya jina lako, andika `sudo chown -R jina:jina /home/jina`, ukiweka jina la mwenye folda hiyo. Kila mwanafunzi na folda yake, usizichanganye. Kisha sogeza faili moja kando: `mv ~/.Xauthority ~/.Xauthority.zamani`. Ikihitajika, mfumo utaunda nyingine.

6. Kadi mpya, draiva ya zamani. `lspci -k` huonyesha kadi na draiva inayotumika. Ikiwa umetoa kadi ya NVIDIA ukaweka ya AMD, kwenye Ubuntu ondoa mabaki kwa `sudo apt purge 'nvidia-*'`, halafu `sudo reboot`. Kioo kikiwa cheusi tangu kuwaka, kwenye orodha ya GRUB bonyeza e, ongeza `nomodeset` mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hiyo ni ya mwasho huo mmoja tu. Inakupa nafasi ya kutengeneza.

Pia kwenye ukurasa wa kuingia, bonyeza alama ya gurudumu na, ikiwa mfumo wako bado una chaguo la Xorg, ubadilishe kutoka Wayland kwenda huko. Mara nyingine hilo pekee latosha.

Yote yakishindikana, rudisha kifaa cha zamani. Ikiingia, umeshamjua mkosaji. Ndiyo sababu kifaa kilichotolewa hakiuzwi wala kugawiwa hadi kipya kimefanya kazi wiki nzima.

Na ikibidi kufuta kweli, washa mashine kwa flashi yenye Linux, nakili folda yote ya /home kwenye diski ya nje, fungua faili mbili tatu uone zinasomeka, ndipo ufute.