Ngome, Boma na Mji wa Narva

Magazeti yetu yakiitaja Narva, mji wa Estonia ulio kwenye mto unaoitenganisha nchi hiyo na Urusi, huandika ama “mji wa ngome” ama “boma la Narva”. Boma halifai, kwani kwa wengi ni ua wa miti. Mtetezi wake atasema kwamba Boma la Bagamoyo ni jengo la mawe, si ua wa miti, na hapo ana haki. Lakini boma hilo lilijulikana kwa ofisi za serikali, na msomaji wa Tanzania akilisikia neno hilo humjia mkuu wa wilaya, siyo mizinga. Ngome ndiyo yenyewe. Ila kiunganishi “wa” kina walakini, kwa kuwa chaelekea kuufanya mji mtoto wa ngome. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ng’ambo ya mto, Ivangorod, ambako Ivan wa Tatu wa Moscow alijenga ngome tupu mwaka 1492, iitazame kasri ya Hermann iliyo Narva uso kwa uso. Makazi yalifuata baadaye. Narva, kwa upande wake, wakati huo ulikuwa tayari mji wa wafanyabiashara. Waswidi, walioutawala karne ya 17, waliuzungushia mji mzima kuta na buruji, na Petro Mkuu wa Urusi alishindwa hapo mwaka 1700, akauteka mwaka 1704.

Watasema “wa” hubeba maana nyingi, kama katika “mji wa bandari”. Kweli, lakini tunapokuwa na “-enye”, uvivu wa nini? Narva ni mji wenye ngome. Ivangorod ni mji wa ngome.