Vitufe Vilivyohama

 

Waliowahi kukaa mbele ya kompyuta wanajua kwamba kila kazi hufunguka ndani ya dirisha. Juu ya dirisha hilo kuna vitufe vitatu. Kimoja hulifunga, kimoja hulikuza, na kimoja hulificha kwa muda. Je, vikae kulia au kushoto? Swali hili dogo lina historia yake.

Mwaka 1984, kompyuta ya Macintosh iliweka kitufe cha kufunga upande wa kushoto. Windows ya mwaka 1995 ikakiweka kulia, na watu wengi wakazoea hivyo.

Mwaka 2004, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Mwanzoni vitufe vyake vilikuwa kulia. Aprili 2010, toleo jipya likavihamishia kushoto. Watumiaji wengi walilalamika, lakini uamuzi haukubadilishwa. Vilirudi kulia Oktoba 2017.

Kwa nini watu wazima wagombanie vitufe? Mfikirieni mama wa Bunda ajuaye chumvi yake iko kushoto mwa jiko, hata gizani. Ikihamishwa bila yeye kuambiwa, mkono wake utapapasa bure. Mkono nao una kumbukumbu.

Lakini mwenye nyumba hakufungiwa mlango. Ndani ya mfumo ule, mpangilio wa vitufe uliandikwa katika mstari mmoja wenye alama ya nukta mbili, moja juu ya nyingine, kama mlivyojifunza katika somo la kuandika. Jina la kitufe likitangulia alama hiyo, kitufe hukaa kushoto. Likiifuata, hukaa kulia. Mwaka ule wa 2010, aliyeweza kuusoma mstari huo alivirudisha vitufe mwenyewe. Baadaye ilikuja programu ya GNOME Tweaks, ambayo humpa mtu achague tu: kushoto au kulia.

Basi, ndugu zangu, mkikuta kitu kimehama kwenye kompyuta, msidhani ni ujinga wenu. Aliyekipanga ni mtu, nanyi mnaweza kukipanga upya, mradi mjue kusoma.

Sasa jadilianeni: je, mwenye chombo aulizwe kwanza, au yatosha aachiwe njia ya kurudisha vitu vyake?

Kwaherini mpaka somo lijalo.