Genge la Malham

Anayeandika habari za safari kwa Kiswahili akifika Malham, kijiji cha nyumba za mawe ya kijivu huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hukutana na swali mara moja. Ule ukuta wa mwamba wa chokaa ulio nje kidogo ya kijiji, wenye kimo cha mita 80 hivi, auite nini? Mlima? Hapana. Ni genge. Siku hizi genge kwetu ni la nyanya na vitunguu, au la wahuni, lakini neno hili lina maana nyingine, ya mteremko mkali unaokatika ghafla, na kwa mahali hapa sijaona linalolizidi.

Ngazi zipatazo 400 hukupandisha ubavuni hadi juu, kwenye sakafu ya mawe iliyopasukapasuka. Barafu ya zama za kale ilikwangua udongo wote, kisha maji ya mvua, yenye asidi kidogo, yakaila chokaa na kupanua nyufa. Wenyeji wana jina la bamba la jiwe na jina la ufa unaolitenga na jenzake. Inama uchungulie ufani: humo, upepo usikofika wala mdomo wa kondoo, yameota makangaga, mabichi, yenye umande. Tumezoea kuyaona penye majimaji. Huku yamejificha ndani ya jiwe.

Kijito kinachokatiza kijijini huitwa beck, na poromoko dogo la jirani, Janet's Foss, limebeba neno foss. Yote mawili yaliletwa na walowezi wa Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wafugaji hawakuyatupa. Nawaheshimu kwa hilo.

Kinachonigusa zaidi ni njia. Njia za miguu hupita katikati ya mashamba ya watu, na mpitaji haombi ruhusa, kwa kuwa sheria inamlinda: ana haki ya njia. Pennine Way, yenye takriban kilomita 430, hupita hapa. Ilizinduliwa rasmi kwenye nyanda za juu za Malham Aprili 1965. Inapokutana na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, mara nyingine huachwa nafasi nyembamba: mguu wa mtu unapita, kondoo anakwama. Kuiita lango ni kuikuza mno. Huo ni upenyo. Wahariri wa kamusi, liongezeeni neno hilo maana hii.