Max Bond na Swali la Mji ni wa Nani

J. Max Bond Jr. alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1935, katika ukoo wa wasomi. Baba yake alikuja kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Liberia, na Julian Bond, mwanaharakati wa haki za raia, alikuwa binamu yake. Max alijiunga na Harvard akiwa na miaka 16. Huko, mwaka 1952, msalaba ulichomwa moto nje ya bweni walimoishi wanafunzi Weusi, na mwalimu mmoja akamshauri aachane na usanifu majengo, kwa kuwa hakuna Mweusi aliyepata jina katika fani hiyo. Bond hakuacha. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1958, kisha akaenda Ufaransa kufanya kazi na André Wogenscky, aliyewahi kuwa msaidizi wa msanifu mashuhuri Le Corbusier.

Shule yake ya pili ilikuwa Ghana, ambako serikali ya Kwame Nkrumah iliwakaribisha wataalamu Weusi kutoka ng'ambo. Kati ya mwaka 1964 na 1967 alilitumikia shirika la taifa la ujenzi na kufundisha katika chuo kikuu cha Kumasi. Kazi yake inayotajwa zaidi ya kipindi hicho ni maktaba ya Bolgatanga, kaskazini mwa nchi, penye jua kali na vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani. Aliigawa maktaba katika majengo madogo, akayafunika yote kwa paa moja pana lililoinuliwa juu yake. Kivuli na upepo unaopita katikati vikawapa wasomaji nafuu ya joto. Mahitaji ya mahali ndiyo yaliyotoa umbo la jengo, na taifa lililokuwa limeanza kujitawala ndilo lililoamua lijengwe.

Harlem, mtaa mashuhuri wa Weusi wa New York, haikuwa na uwezo huo wa kujiamulia. Tangu Sheria ya Makazi ya mwaka 1949, fedha za serikali kuu zilikuwa zikigharimia bomoabomoa ya mitaa iliyoitwa duni, na mara nyingi waliohamishwa walikuwa Weusi. Bond aliporudi mwaka 1967 alishika uongozi wa ARCH, kamati ya wasanifu iliyoanzishwa Harlem mwaka 1964 ili kuwapa wakazi utaalamu wa kupinga mipango waliyoletewa na kuandaa ya kwao.

Mfano ulio wazi ni bustani ya Morningside. Chuo Kikuu cha Columbia kilitaka kujenga humo, kwenye ardhi ya umma, jengo la michezo ambalo wanafunzi wangeingilia juu kilimani na watu wa Harlem mlango wa chini, wapate sehemu ndogo tu. ARCH ilisimama na wakazi walioupinga mradi huo. Aprili 1968 wanafunzi, nao wakiupinga, waliteka majengo ya chuo, na mradi ukaachwa. Mwaka huohuo ARCH ilianza kuwafundisha usanifu vijana Weusi na wenye asili ya Puerto Rico.

Baadaye Bond alifundisha Columbia yenyewe, kisha kuanzia mwaka 1985 akawa mkuu wa shule ya usanifu ya City College, chuo kilichopo Harlem. Kwenye Tume ya Mipango ya Jiji la New York alikaa kuanzia 1980 hadi 1986. Kampuni yake na Donald Ryder ilisanifu Kituo cha Martin Luther King Jr., Atlanta. Taasisi ya Haki za Raia ya Birmingham, Alabama, iliyofunguliwa mwaka 1992, aliielekeza kwenye kanisa la mtaa wa 16, ambako bomu liliua wasichana wanne mwaka 1963.

Mapambano ya ARCH na wakazi hayakuizuia kodi ya nyumba kupanda Harlem. Michoro peke yake haimlindi mpangaji. Hata hivyo Bond, aliyefariki Februari 2009, aliacha kipimo kinachofaa kutumika kila ramani ya mji inapowekwa mezani: nani ameichora, nani ameulizwa, na nani atahama.